Laptopu Imezimika: Je, Mafaili Nayo Yamekufa?

Laptopu, yaani ile kompyuta ndogo inayokunjwa kama kitabu, si chombo cha mjini peke yake tena. Imefuata nguzo za umeme na paneli za jua mpaka vijijini. Mwalimu anayo, huandikia mitihani. Katibu wa chama cha kuweka na kukopa anayo, na ndani yake mna hesabu za wanachama wote. Karani wa parokia anayo. Na katika nyumba nyingine anayo mama mjane, nayo si ya kazi hata kidogo. Imetunza picha za marehemu mumewe na za arusi ya binti yao.

Basi siku moja asubuhi chombo hicho chabonyezwa, nacho hakiwaki. Hakuna taa, hakuna sauti, kioo ni cheusi. Hapo huanza hofu. Mara nyingi laptopu hiyo hufungwa katika kitenge, ikatiwa katika basi, ikaenda Dar es Salaam kwa mtoto au ndugu anayekaa huko. Tuseme anakaa Kawe, kata ya Manispaa ya Kinondoni iliyo kando ya bahari, ambayo wazee waikumbuka kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilichofungwa zamani. Ndugu huyo huulizwa neno moja tu kwa simu: "Je, imepona?"

Swali hilo si baya, lakini silo la kwanza. Swali la kwanza ni hili: "Vitu vyetu vimetoka?" Maana laptopu ni kitu kimoja, na vitu vilivyoandikwa ndani yake ni kitu kingine. Laptopu yaweza kununuliwa nyingine. Picha ya mtu aliyekwisha kufa haiuzwi dukani.

GARI LIMEKUFA, MAHINDI NI MAZIMA

Fikirini lori lililobeba magunia ya mahindi, likaharibika injini njiani. Mwenye mahindi hasemi, "Mahindi yangu yamekufa." Asema, "Gari limekufa," kisha hutafuta watu wa kushusha magunia na kuyatia katika gari jingine. Injini itatengenezwa baadaye, au haitatengenezwa kabisa, lakini mzigo umefika.

Laptopu ni kama lori hilo. Barua, picha, hesabu na nyimbo zote hukaa katika sehemu moja tu ya ndani, iitwayo diski. Sehemu nyingine zote, yaani betri, kioo, vibonyezo, feni na ule ubao mkubwa wa umeme ambao mafundi huuita madabodi, ni injini na magurudumu ya kuuchukua mzigo. Na sehemu hizo ndizo zinazoharibika mara nyingi. Chaja hufa. Tundu la chaja hulegea kwa kuvutwavutwa. Umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo na kuunguza madabodi. Huko Kawe na pwani yote, hewa yenye chumvi na unyevu hula madini ya ndani polepole. Katika mengi ya makosa hayo diski haikuguswa. Imetulia mahali pake, ina kila kitu, inangoja tu kupewa umeme.

Diski zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, yenye sahani ngumu zinazozunguka ndani ya kijisanduku cha chuma. Babu yake ni mashine ya kampuni ya IBM ya Marekani iliyotoka mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikuwa kama tani moja, nayo iliweza kutunza herufi kama milioni 5 tu. Siku hizi diski ya laptopu ya namna hiyo yaenea katika kiganja cha mkono, nayo hubeba maelfu ya mara zaidi. Namna ya pili haina kitu kinachozunguka. Mafundi huiita SSD. Huandika kwa umeme katika vipande vidogo vya silikoni, kama flashi ile mnayoijua. Namna hii ndiyo imo katika laptopu nyingi za miaka hii.

KWANZA, TAZAMA KAMA IMEKUFA KWELI

Kabla ya kumwita fundi yapo mambo ambayo mtu yeyote aweza kuyafanya nyumbani bila kuharibu kitu.

Anza na umeme. Chomeka simu katika tundu lile lile la ukutani uone kama inaingia chaji. Kisha tafuta chaja nyingine ya kuazima. Lakini angalia! Soma maandishi yaliyo chini ya chaja yako. Volti sharti zilingane (nyingi ni 19 au 20), na kichwa cha waya kiingie bila kulazimishwa. Chaja isiyo yake yaweza kuua kilichokuwa kizima.

Ikiwa bado, iondoe chaja. Kama betri ni ya kutoka, itoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa nusu dakika. Kufanya hivyo humaliza mabaki ya umeme yaliyokwama ndani. Rudisha chaja peke yake, ujaribu tena. Laptopu kadhaa zilizodhaniwa zimekufa zimewaka kwa dawa hiyo isiyo na gharama.

Tena sikiliza. Je, feni inavuma? Je, kuna taa ndogo inayowaka? Ikiwa ndivyo, huenda laptopu ni nzima, illa kioo ndicho kilichokufa. Mulika tochi karibu na kioo. Ukiona maandishi hafifu sana, basi taa ya kioo imeungua, na laptopu yenyewe inafanya kazi. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea katika televisheni, usianze kushangilia tu. Chukua flashi au diski ya nje na kuhamisha mafaili saa ile ile, maana chombo kilichoanza kuugua hakitoi ahadi ya kesho.

IKIWAKA, LAKINI WINDOWS HAIFUNGUKI

Namna nyingine ya kosa ni hii: laptopu inawaka, yatoa alama ya kampuni yake, kisha inazunguka papo hapo au kuandika maneno ya kosa juu ya kioo cha bluu. Hapo mafundi wengi huwa na jibu moja: "Tupige Windows upya."

Wasomaji, shikeni neno hili vizuri. Kupiga Windows upya, jinsi inavyofanywa na wengi, ni kufuta diski na kuanza na ukurasa mweupe. Laptopu itapona, naam. Itawaka upesi kama mpya, na fundi ataomba ujira wake kwa haki. Lakini picha za arusi hazimo. Fundi hakuiba, wala hakudanganya. Aliambiwa aitengeneze laptopu, naye ameitengeneza. Hakuna aliyemwambia ya kuwa mle ndani mlikuwa na mzigo.

Iko njia nyingine. Fundi hutwaa flashi yenye mfumo mwingine wa kompyuta, mathalani Ubuntu, ambao hutolewa bure. Huichomeka, akaiamuru laptopu iwake kwa kutumia flashi hiyo, bila kuigusa Windows iliyougua. Laptopu huwaka kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa uani. Diski huonekana, na mafaili huhamishwa kwenda diski nyingine. Mambo yote yakisha kutoka, hapo ndipo Windows yaweza kupigwa upya bila majuto.

KUITOA DISKI

Sasa tuseme laptopu haiwaki kabisa kwa dawa yoyote. Hapo mzigo hushushwa kwa mkono. Fundi hufungua skurubu za chini kwa bisibisi ndogo, huiondoa betri kwanza, kisha huitoa diski.

Diski yenye umbo la kijisanduku ina upana wa kama sentimeta 7. Huingizwa katika kasha dogo lenye waya, ambalo huuzwa katika maduka ya kompyuta huko Kariakoo na kwingineko, kisha waya huchomekwa katika kompyuta nyingine kama flashi. Diski za kisasa zaidi ni kipande chembamba kama ulimi, upana milimita 22, na mara nyingi urefu milimita 80. Nazo zina kasha lake, lakini makasha hayo ni ya namna mbalimbali. Ndiyo sababu yafaa kwenda dukani na diski yenyewe mkononi, si kwa kukisia.

Diski ikisha kuunganishwa, fungua sehemu iitwayo Users, kisha jina la mwenye laptopu. Humo mna picha, nyaraka na vile vilivyokuwa vimewekwa juu ya uso wa kompyuta. Nakili vyote, usichague. Kuchagua kutafanywa baadaye kwa utulivu.

Hapa pana mtego mmoja. Pengine kompyuta huuliza kama uiruhusu kuiformati diski ili ipate kutumika. Jibu ni hapana. Kuformati ni kufuta. Kompyuta huuliza hivyo kwa sababu haikuyafahamu maandishi iliyoyakuta, si kwa sababu hayamo. Zipo programu za bure, kama TestDisk na PhotoRec, ambazo fundi mwenye ujuzi aweza kuzitumia kuyatafuta. Na yote atakayoyaokota ayaweke katika diski nyingine, wala asiandike neno hata moja juu ya ile inayookolewa, maana kila andiko jipya laweza kukanyaga la zamani.

Ziko laptopu zisizo na diski ya kutoka. Katika baadhi ya laptopu za bei ndogo, na katika MacBook nyingi za tangu mwaka 2018, diski imelehemiwa juu ya madabodi. Hizo hakuna cha kuchomoa. Hapo sharti fundi wa madabodi aitengeneze walau ipate kuwaka mara moja, mafaili yatoke. Ni kazi ya ujuzi, na si kila mwenye bisibisi aiwezaye. Mwenye laptopu ya namna hii asikubali kubadilishiwa madabodi upesi upesi, kwa kuwa ubao wa zamani ukitupwa, na mafaili yametupwa pamoja nao.

NAMBA ARUBAINI NA NANE

Sasa twafika penye jambo ambalo limewashinda hata mafundi hodari. Laptopu nyingi za miaka hii hufunga diski yake kwa kufuli la siri. Katika Windows kufuli hilo huitwa BitLocker. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, kufuli hilo hujifunga lenyewe katika laptopu nyingi mpya, mara mwenyewe aingiapo kwa akaunti yake ya Microsoft. Wenye laptopu wengi hawajui ya kuwa wanalo.

Kufuli hilo lina faida. Mwizi akiiba laptopu na kuchomoa diski, haoni chochote ila takataka za herufi. Lakini fundi wako naye haoni chochote. Kompyuta humtaka aandike ufunguo, nao ni namba yenye tarakimu 48. Asipoandika, hakuna bisibisi, programu wala ujanja wa kulifungua.

Ufunguo huo uko wapi? Kwa kawaida huwa umetunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu, nao waweza kutazamwa kwa simu yoyote yenye intaneti, mradi ajue anwani yake ya barua pepe na neno lake la siri. Hapo ndipo penye uchungu kwa jamaa nyingi. Baba amefariki. Laptopu yake ina hesabu za mashamba, mikataba na picha za maisha yake. Laptopu haiwaki, diski imetolewa salama salimini, nayo yadai tarakimu 48. Neno la siri alikuwa nalo baba peke yake, naye amekwenda nalo.

Twasema haya si kwa kutisha watu, bali kwa kuwa dawa yake ni rahisi mno, illa hutolewa mapema tu. Wakati laptopu ni nzima, mwenyewe aitazame namba hiyo, aiandike kwa kalamu juu ya karatasi, aitie katika bahasha, na bahasha aiweke pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya ndoa. Mke ajue iliko. Karatasi haihitaji chaji.

DISKI INAYOGONGA, NA DISKI ILIYOLOA

Yako makosa mawili ambayo dawa yake ni kuacha, si kufanya.

La kwanza ni diski ya sahani inayotoa sauti ya kugonga: tak, tak, tak. Ndani yake kipo kichwa kidogo kinachosoma, nacho huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo sana. Unywele mmoja wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Kikigonga, huenda kinaikwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kila unapoiwasha "kujaribu mara moja tena," wazidi kuikwangua. Basi izime. Usiigonge, usiitie katika friji kama wengine washaurivyo, wala usikubali ifunguliwe kifuniko juu ya meza ya kibandani, maana vumbi moja tu latosha kuharibu yote. Maabara zenye vyumba visivyo na vumbi zipo duniani, na gharama yake ni kubwa. Mwenye diski na apime: je, vilivyomo vyastahili gharama hiyo? Kama havistahili leo, aitunze diski ikiwa imezimwa. Huenda kesho vikastahili.

La pili ni maji. Wakazi wa Dar es Salaam wayajua mafuriko. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 na kuharibu nyumba nyingi mabondeni. Huko Kawe, penye Mto Mlalakuwa unaoingia baharini, mvua za masika huwapa watu kazi ya kuinua vitu juu ya meza. Laptopu ikiloa, chomoa chaja mara moja, izime, iondoe betri ikiwezekana, wala usiiwashe ili "kuona kama bado ni nzima." Maji peke yake hayaui upesi, maji pamoja na umeme ndiyo yauayo. Kuifukia katika mchele hakusaidii kitu cha maana, na mchele wenyewe huchafuka. Impeleke kwa fundi aifungue, aisafishe na kuikausha, na zaidi sana kama maji yalikuwa ya bahari, kwa kuwa chumvi huanza kula siku ile ile.

Na asikate tamaa mtu. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani cha Wamarekani kiitwacho Columbia kilivunjika angani kikirudi duniani, na wanaanga 7 walifariki. Katika mabaki yaliyotapakaa upande wa Texas iliokotwa diski moja ya jaribio la kisayansi, imeungua na kuyeyuka sehemu zake za plastiki. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack waliifungua, wakazisafisha sahani zake na kuzihamishia katika kasha jingine. Wakapata asilimia 99 ya yale yaliyoandikwa, na matokeo ya jaribio lile yakachapishwa mwaka 2008. Ikiwa diski iliyoanguka kutoka angani iliweza kusomwa, basi ile iliyokaa ndani ya laptopu isiyowaka isihukumiwe upesi.

NAMNA YA KUSEMA NA FUNDI

Tuseme mama amekuja mwenyewe kutoka kijijini, na mwanawe amempeleka kwa fundi wa Kawe. Yafaa mazungumzo yao yaende hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Laptopu hii haiwaki. Lakini nataka vitu vilivyomo kwanza. Laptopu yenyewe baadaye."

"Vitu gani hasa, mama?"

"Picha zote, na hesabu za kikundi chetu. Diski ya kuvitilia hii hapa, tumekuja nayo. Usifute chochote, wala usipige Windows mpaka tumeviona kwa macho yetu katika kompyuta nyingine."

"Sawa, mama. Nitaifungua sasa hivi, uione diski yako."

"Tena tuandike namba iliyo juu ya diski, wewe ubaki na nakala na mimi nibaki na nakala. Na bei ni kiasi gani ukifaulu, na kiasi gani usipofaulu?"

Maneno hayo si ya ugomvi, wala hayamvunjii fundi heshima. Fundi mwema huyafurahia, maana humkinga na yeye pia. Kuandika namba ya diski huzuia kubadilishana kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Kupatana bei mapema huzuia maneno ya baadaye.

Pia kumbukeni ya kuwa mnampa fundi funguo za chumba cha ndani. Katika diski mna barua za watu, mna picha za nyumbani zisizofaa kuonwa na wengine, mna namba za simu na akiba za wanachama. Ikiwezekana, kaeni hapo hapo mpaka kazi iishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza mtu kuingia katika kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawapasa wanaotunza habari za watu wazilinde. Ipo na Tume yake ya kupokea malalamiko. Katibu wa kikundi asidhani hilo ni la wakubwa wa mjini tu. Habari za wanachama zilizo katika laptopu yake ni amana.

Na laptopu ikishindikana kabisa, msiiuze kama chuma chakavu ikiwa na diski ndani. Itoeni diski kwanza, mkae nayo.

GHALA LA TATU

Mpaka hapa tumesema juu ya kuokoa. Lakini mkulima mwenye busara hangoji panya wale mbegu ndipo ajenge ghala. Mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh alieneza kanuni fupi ambayo mtu yeyote aweza kuikumbuka: nakala tatu, vyombo vya namna mbili, na moja ya nakala ikae mahali pengine.

Nakala ya kwanza ni ile iliyo katika laptopu. Ya pili iwe katika diski ya nje, inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha ikachomolewa na kuwekwa mahali pakavu. Ikiachwa imechomekwa, umeme ukipiga utaziua zote mbili pamoja. Msitegemee flashi peke yake. Ni ndogo, hupotea mfukoni, na ikikaa kabatini miaka mingi bila umeme yaweza kusahau ilichoandikiwa. Wenye intaneti waweza kuongeza nakala kwa akaunti ya Google, ambayo hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo. Picha moja ya simu ikiwa megabaiti 3, nafasi hiyo yatosha picha kama 5,000.

Sasa ile ya tatu, ya mahali pengine, iko wapi? Wataalamu wa nchi kubwa hulipia majumba ya mbali. Sisi tunazo nyumba mbili tangu zamani: ya mjini na ya kijijini. Mtoto aliyeko Kawe, ajapo nyumbani kwa Krismasi au Pasaka, na alete diski yenye picha na vyeti vyake, aiache katika sanduku la mama yake. Na arudipo Kawe achukue diski ya mama, yenye hesabu za kikundi na picha za baba. Mafuriko ya Kawe hayataifikia nyumba ya mlimani, na moto wa nyumba ya mlimani hautafika Kawe. Mwaka ujao wabadilishane tena, na kila mara wafungue picha tatu au nne katika kompyuta nyingine waone kama zafunguka, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Kazi hiyo ni ya saa moja. Yafaa ianzwe mwezi huu, wakati laptopu zingali zinawaka.